UZI: Vidonge vya presha, sukari na tezi dume vinavyotafutwa kwa ajili ya nywele, tuambizane ukweli

Kaunta ya Dawa:
Wakuu habari za jioni. Mimi kazi yangu ni famasi hapa Dar, mtaa tuuache. Kuna kitu nakiona kinakua kila wiki. Kijana wa miaka ishirini na kitu anakuja anaulizia dawa ya tezi dume, namuuliza ni ya mzee? anasema hapana ni yangu, ya nywele. Dada anakuja na video kwenye simu anataka metformini, sukari hana, kasikia inarudisha nywele za utosini. Wa tatu anataka minoksidili ya kumeza sio ile ya kupaka. Cheti cha daktari hakuna hata mmoja, na nikimnyima anavuka barabara anaenda duka lingine. Sasa badala ya kubishana na mmoja mmoja pale dirishani nikasema nifungue uzi tuongee kwa nafasi.

Kwanza niseme wazi hawa watu hawajachanganyikiwa. Dawa kubwa za nywele zinazojulikana nyingi zilianzia kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Minoksidili ilikuwa kidonge cha presha iliyogoma dawa zingine, Marekani waliipitisha 1979 kwa jina la Loniten, presha za watu zikashuka kweli ila wakaanza kuota nywele usoni, mikononi, mgongoni mpaka wanawake wakaikimbia. Kampuni ya Upjohn ikaona hapa kuna biashara, wakatengeneza ya kupaka, ikapitishwa 1988 ndio hiyo Rogaine. Kwa hiyo ya kupaka ina kibali cha nywele, ya kumeza Marekani mpaka leo kibali chake ni presha tu. Daktari akikuandikia ya kumeza kwa ajili ya kipara anaitumia nje ya kibali, na hilo sio kosa, madaktari wanafanya kila siku kwenye magonjwa mengi, ila hapo lazima awepo mtu wa kukufuatilia maana kwenye karatasi ya ndani ya boksi hautakuta dozi ya nywele.

Na dozi ndio penyewe. Mtu wa presha anapewa mg 10 mpaka 40 kwa siku. Wa nywele anapewa robo ya mg 1 mpaka mg 5. Sasa wewe unaletewa kidonge cha mg 10 kwenye begi la mtu katoka India unameza kizima na kahawa asubuhi, moyo ukianza kwenda mbio unasema ni stress. Boksi la Loniten lina onyo kali kwamba inaweza kujaza maji kuzunguka moyo, hiyo ni kwa dozi za presha, na wewe ndio hiyo hiyo umemeza.

Kwa dozi ndogo habari ni nzuri kiasi. Kuna madaktari wa Hispania na wenzao wa nchi zingine walikusanya kumbukumbu za wagonjwa 1,404 wakachapisha 2021, tatizo kubwa lilikuwa nywele kuota pasipotakiwa, kama 15 katika kila 100, kizunguzungu hawakufika hata 2 kati ya 100. Lakini pia 2024 Brazil waliwapima wanaume 90, nusu wanameza mg 5 nusu wanapaka ile ya asilimia 5 mara mbili kwa siku, wiki 24, kidonge hakikuishinda ya kupaka. Faida ya kidonge ni kwamba mtu hachoki, kupaka kila siku asubuhi na jioni watu wengi wanaishia mwezi wa pili.

Hii ya tezi dume ndio yenye stori tamu. Jamhuri ya Dominika kuna kijiji kinaitwa Salinas, kulikuwa na watoto wanazaliwa wanaonekana wasichana, wakifika balehe wanageuka wavulana. Dk. Julianne Imperato-McGinley na wenzake wakaandika habari zao 1974: miili yao inakosa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni ya DHT. Wakikua hawaoti kipara na tezi dume inabaki ndogo. Merck wakatengeneza dawa ya kuiga hali hiyo, finasteridi, mg 5 ikapitishwa 1992 kwa tezi dume, Proscar, halafu mg 1 ikapitishwa 1997 kwa kipara cha wanaume, Propecia. Kwa hiyo kijana anayenunua ile ya mg 5 na kuikata vipande vinne hajakosea hesabu, amekosea tu kuja peke yake bila mtu wa kumwangalia.

Ntaendelea na ya sukari, ngoja kuna mteja.

kipara_original:
Mimi nimenyoa zero tangu 2016 na maisha yanaenda. Mnajitesa bure wakuu, kipara kinang'aa kama sufuria ya harusi na mke hajalalamika. Hela ya minoksidili nyie nunueni nyama.

Ndevu Zinakuja:
Mkuu kipara_original wewe umeshaoa, sisi tunatafuta 😂

Mtoa mada mimi sina kipara, napaka Kirkland, ile minoksidili ya kupaka, kwenye ndevu. Huku mtaani kila kijana anapaka, tunaagiza kwa yule anayeuza Instagram. Ndevu zimeanza kutoka za pembeni ila nyembamba. Swali, kuna ubaya? maana usiku moyo unadunda sana na shavu linabanduka magamba. Halafu nikiacha zitabaki?

Kaunta ya Dawa:
Ndevu Zinakuja, ya ndevu nayo ni nje ya kibali, tena boksi lenyewe linasema paka kichwani tu. Sio kwamba haifanyi kazi, Thailand walijaribu lotion ya asilimia 3 kwa wanaume 48 wiki 16 na waliopaka ndevu ziliongezeka kuliko waliopaka lotion tupu isiyo na dawa. Magamba mara nyingi ni ile spiriti na propilini glaikoli inayoyeyushia dawa. Kudunda kwa moyo usikuone kitu kidogo, ngozi ya uso inanyonya, ukipaka nyingi kuliko kipimo inaingia kwenye damu, kumbuka ni dawa ya presha hiyo. Simamisha, kapime presha na moyo wasikilize. Kuhusu kubaki, za kichwani ukiacha dawa ndani ya miezi mitatu minne unarudi ulikokuwa, ndevu watu wanadai zikishakomaa zinabaki ila hayo ni maneno ya watu wa mitandaoni.

Kitu kingine hakisemwi na wauzaji. Unafuga paka nyumbani? Minoksidili ni sumu kali kwa paka, tone tu alilolamba kwenye mto wako linaweza kumuua. Na kama kuna mtoto mchanga usimlaze kifuani na dawa mbichi shavuni. Hispania walipata vichanga vilivyoota nywele mwili mzima kwa sababu baba anapaka na mtoto anagusa, baba alipoacha nywele za mtoto zikapotea. Huko huko Hispania 2019 kuna watoto walipewa dawa ya tumbo kumbe kiwandani imechanganywa na minoksidili, wakatoka manyoya. Hii kitu sio mafuta ya nazi.

Mama Kijacho Tanga:
Asante kaka kwa uzi. Mimi nimekaa kimya nasoma ila nimeshindwa, naomba niandike ya wanawake maana naona mnaongea vipara vya wanaume tu.

Yangu ilianzia utosini katikati kabisa. Panawasha, nikisukwa panauma kama kidonda, halafu nywele za hapo zinakatika fupi fupi. Kila mtu na dawa yake, mara kitunguu maji mara mafuta ya nyonyo mara maji ya mchele, dada mmoja akaniuzia chupa ya minoksidili nikapaka muda mrefu eneo likawa linaongezeka tu duara. Ngozi ya hapo ikawa laini inateleza hata vitundu vya nywele huvioni. Baadaye nikaenda kwa daktari wa ngozi, akaniangalia na kile kidarubini, akasema hawezi kukisia, akakata kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Jibu ni upara wa makovu unaoanzia utosini, wenyewe wanaita CCCA. Maana yake chini ya ngozi pana uvimbe unaounguza mashina ya nywele taratibu na shina likishageuka kovu halirudi, upake usipake. Daktari alisema kabisa lengo sio kuotesha ni kuokoa zilizobaki.

Nilipewa doksisaiklini, ile ile ya malaria na chunusi za usaha, nikashangaa, akasema hapa haitibu wadudu inatuliza uvimbe. Na krimu ya klobetasoli na sindano za steroidi kwenye kingo za duara, zinauma jamani nisiwadanganye. Kuwasha kumeisha. Duara halijaongezeka. Sasa na mimi hiyo ya metformini nimeisikia ndio maana nimekaa hapa siti ya mbele nasubiri.

Kaunta ya Dawa:
Dada pole sana na asante, hii comment yako ina maana kuliko uzi wangu.

Metformini sasa. Chanzo cha zile video ni utafiti wa kweli, watu wa Johns Hopkins kule Baltimore, timu ya Dk. Crystal Aguh ambaye ni bingwa wa nywele za watu weusi. Mwanzo walijaribu ya kupaka kwa wagonjwa wachache sana, halafu 2024 wakachapisha ya kumeza: wanawake weusi 12 wenye CCCA iliyothibitishwa kwa kinyama, ambao dawa za kawaida ziligoma, wakapewa mg 500 mara moja kwa siku miezi sita juu ya dawa walizokuwa wanatumia. Sita kati yao nywele ziliota zaidi. Na kuwasha na kuvimba kukapungua, walipoacha kidonge kuwasha kukarudi. Sababu wanayoitoa ni kwamba metformini inaamsha kitu kinaitwa AMPK ndani ya seli na hicho kinapunguza utengenezaji wa kovu.

Sasa angalia vizuri, watu 12. Hakukuwa na kundi la kulinganisha waliopewa kidonge bandia kisicho na dawa. Ni mwanga mzuri, mimi nimeufurahia maana CCCA ni ugonjwa wa dada zetu na miaka yote ni wachache waliohangaika nao, mpaka 2019 ndio walikuta baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko kwenye jeni ya PADI3. Ila video imesema "metformini inaotesha nywele" nukta. Wale 12 walikuwa na CCCA. Sio kukatika kwa sababu ya dawa ya kulainisha, sio uwalaza wa urithi, sio nywele zinazotoka baada ya kujifungua. Dada anayekuja dirishani kwangu hajui ana nini kichwani, anajua jina la kidonge tu. Hapo ndipo ninapogombana nao.

Fundi Nywele Sinza:
Naingia na mimi msusi. Kila siku lawama zetu. Mteja anakuja mwenyewe anasema kaza, nisipokaza anasema sijui kusuka anahamia kwa jirani, mwezi wa pili paji limerudi nyuma mpaka kwenye masikio anasema saluni ilimharibu. Na akija na kidonda nikamwambia pumzisha anaomba nimfunike na wigi.

Mama Kijacho Tanga:
Fundi hatukulaumu mwaya, ila ukiona utosi unateleza mwambie mteja. Wa kwangu aliona kabla yangu akanyamaza.

Fundi Nywele Sinza:
Tunaogopa kuonekana tunamtangaza mtu dada. Nimekuelewa lakini.

Kaunta ya Dawa:
Fundi uko sahihi, na hilo la kwenye paji lina utafiti wake, Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town alipima kwenye jamii yao akakuta karibu theluthi ya wanawake wazima wana upara wa kuvutwa, na wasichana wa shule kama 17 kwa 100. Huo ukiuwahi unarudi bila kidonge chochote, ni kuacha kukaza tu. Ukiuchelewesha miaka nao unageuka kovu. Mtu akija na huo akapewa dawa ya sukari tumemfanyia nini?

Maskati Boy:
Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Oman kazini, huku kila mtu anasema ni maji, yale ya bahari waliyoyachuja, nywele zinatoka ukichana mpaka unaogopa kitana. Zangu zilianza kutoka nyingi sana mwezi wa nne, kichwa kizima sio mbele tu. Mshkaji Mhindi hapa kaniambia dutasteridi ndio kiboko kuliko finasteridi. Nimeshauliziwa bei. Nianze?

Kaunta ya Dawa:
Waaleikum salaam kaka. Kabla ya mwezi wa nne, Januari Februari hivi uliumwa?

Maskati Boy:
Mmh. Nililazwa, homa kali sana wiki nzima, nikapungua kilo kibao. Umejuaje?

Kaunta ya Dawa:
Sijajua nimebahatisha, lakini ndivyo inavyokuwa. Mwili ukipata kishindo, homa kubwa, uzazi, upasuaji, kufunga sana kupunguza kilo, nywele nyingi zinaingia likizo kwa pamoja halafu zinaanguka baada ya kama miezi mitatu, mtu wakati huo ameshasahau ugonjwa anatafuta mchawi kwenye maji. Zinatoka kichwa kizima kama zako. Mara nyingi zinarudi zenyewe ndani ya nusu mwaka. Kapime damu uangalie madini ya chuma na tezi ya shingo, kula vizuri, subiri.

Dutasteridi weka pembeni kabisa. Ni kweli ina nguvu, finasteridi inashusha DHT kwenye damu kama asilimia 70, dutasteridi inapita 90. Lakini Marekani kibali chake ni tezi dume tu, nchi zilizoipa kibali cha kipara ni chache, Korea Kusini 2009 na Japani 2015. Na ukiimeza haitoki, nusu yake inakaa mwilini kama wiki tano, kwa hiyo ikikukataa leo utaishi nayo miezi. Anayeitumia haruhusiwi kuchangia damu mpaka ipite miezi sita tangu aache, maana damu hiyo ikienda kwa mjamzito mtoto wa kiume anaweza kuharibika viungo vya uzazi. Ndio maana hata vidonge vya finasteridi vilivyokatwa au kusagwa mjamzito asivishike. Nyie mnaokata robo robo na wembe juu ya meza ya jikoni mmesikia.

Robo Kidonge:
Nimesikia na nimeguswa 😅 mke ana mimba ya miezi minne, wembe nauhamisha leo.

Mimi natumia finasteridi mwaka wa pili, utosi umejaa kidogo, mbele hakuna kitu. Ntasema la moyoni kwa sababu hapa hatujuani: miezi ya kwanza kule chini palilegea. Sio kila siku ila palilegea. Nikataka kuacha, baadaye pakatulia pakarudi. Mnaliongeleaje hili maana wengine wanasema haliponi maisha.

kipara_original:
Ndio maana nikasema nyama 🤣🤣

Kaunta ya Dawa:
kipara_original heshimu jukwaa 😂

Robo Kidonge asante kwa kusema maana wengi wanakuja kimya wanaacha kimya. Kwenye majaribio yaliyopitisha Propecia waliopata shida ya tendo walikuwa kama 4 kwa 100, na waliopewa kidonge bandia kisicho na dawa walikuwa 2 kwa 100. Kwa hiyo kipo, si wengi, na wengi wanaoacha inarudi. Kuna wanaosema yao haikurudi, wanaume hao wapo na siwezi kumwita mtu muongo juu ya mwili wake. Kubwa zaidi ninaloliogopa ni la kichwani, sio la kiunoni. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha mawazo ya kujiua kuwa ni moja ya madhara ya finasteridi. Ukiona dunia imekuwa nyeusi bila sababu acha kidonge siku hiyo hiyo na umwambie mtu.

Na mzee wako au wewe ukifika umri wa kupima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, mwambie daktari unatumia hii kitu, inashusha kipimo kama nusu. Saratani inaweza kuwepo na karatasi ikasema uko salama.

Wairimu K:
Sasa wasee, mimi ni wa Nairobi. Ndugu yangu mdogo ana mabaka, duara duara, ilianza moja kama shilingi, sai imekula mpaka nyusi. Nyanya alisema ni mende zilimla usiku, tukapaka dawa ya mashilingi, ile fangasi ya kichwa, na haikusaidia. Daktari akasema ni kinga ya mwili inajishambulia. Nimesoma kuna tembe inaitwa barisitinibu ati watu wamemea nywele zote. Iko?

Kaunta ya Dawa:
Wairimu hiyo sio hadithi. 2014 Dk. Brett King wa Yale alimpa kijana wa miaka 25 tofasitinibu, dawa ya baridi yabisi, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi pamoja na kukosa nywele mwili mzima, na ndani ya miezi michache nywele, nyusi, kope vikarudi. Wakati huo ilikuwa nje ya kibali kabisa. Dawa ya ukoo huo huo, barisitinibu, ikapata kibali cha mabaka makubwa Marekani Juni 2022, kwa watu wazima, na 2023 ikaja ritlesitinibu inayoruhusiwa kuanzia miaka 12. Kwa hiyo umri wa ndugu yako ni swali la kwanza.

La pili, hizi zinashusha kinga. Sisi huku kifua kikuu tunaishi nacho, mtu anaweza kuwa nacho kimelala mwilini na hajui, dawa hizi zinakiamsha. Lazima apimwe TB, homa ya ini na damu kabla ya kidonge cha kwanza, na hapo katikati arudi kupima. Bei yake inauma sana. Baka dogo moja mbili sindano za steroidi zinatosha na mengine yanajaa yenyewe, ila la mpaka nyusi liende kwa bingwa. Usiruhusu mtu akuuzie hiyo kwa DM.

Tandale Finest:
Mtoa mada shule nzuri. Sasa mimi mama ana sukari, metformini ipo kabatini imejaa. Dada yangu utosi unamwasha kama huyo dada wa Tanga. Si nimpe tu nusu kila siku tuone? Kufika kwa bingwa wa ngozi ni nauli na foleni.

Kaunta ya Dawa:
Usimpe. Figo zake hujui zikoje, hiyo dawa inatolewa mwilini na figo. Tumbo litamharisha atasema umemlisha sumu, na mama yako ataishiwa dozi kabla ya kliniki. Ila kikubwa ni kwamba kuwasha kwa utosi kunaweza kuwa CCCA, kunaweza kuwa mba, kunaweza kuwa fangasi, kunaweza kuwa dawa ya saluni imemuunguza. Kila kimoja na dawa yake, na ikiwa ni CCCA muda anaopoteza kwa kujaribu jaribu ndio muda mashina yanakufa.

Muhimbili kuna kliniki ya ngozi, anaanzia hospitali yenu ya wilaya aombe rufaa. Walioko kaskazini Moshi pale KCMC kuna kituo cha mafunzo ya ngozi tangu 1992, wanatoa wataalamu wanaokwenda mpaka mikoani, kwa hiyo hata hospitali yenu ya mkoa uliza kama kuna mtaalamu wa ngozi, wengi hawajui yupo. Aende kichwa kitupu, asisuke, asipake mafuta siku hiyo, na abebe majina ya kila alichowahi kupaka.

Mama Kijacho Tanga:
Na amwambie daktari panawasha au panauma, asione aibu akasema tu nywele zinakatika. Mimi wa kwanza nilimwambia zinakatika akanipa vitamini.

Tandale Finest:
Sawa dada, nimemsomea yote hapa. Anauliza hicho kinyama wanachokata kinaacha kovu kubwa?

Mama Kijacho Tanga:
Kidogo kama punje ya mtama, wanapiga ganzi kwanza, nyuzi moja au mbili. Ganzi ndio inauma, kile kisu hata hukisikii.